Kati ya 244 na 760

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Kisangani, tarehe 10 Juni 2025, miaka 25 nyuma ya Vita ya Siku Sita

Wandugu na wadada, vijana wa Makiso, wa Mangobo, wa Tshopo, wa Kabondo, wa Lubunga na wa komini ya Kisangani yenyewe. Na nyinyi wenzetu mliotoka Goma na Bukavu mkafika hapa na begi moja mkononi.

Leo ni tarehe 10. Siku kama ya leo, miaka 25 iliyopita, mabombe yalinyamaza katika mji huu. Wengi wetu tulikuwa bado mgongoni mwa mama, na wengine mulikuwa hamujazaliwa. Kwa hiyo hatutajifanya tuliona. Tunachokijua tulikisikia kwa wazazi, kisha tukakaa chini tukasoma ripoti na hukumu, ukurasa kwa ukurasa, kwa Kifaransa kizito cha wanasheria. Muda tunao: wengi wetu tuna diploma ndani ya bahasha na kazi hakuna. Basi muda huo tuliutumia.

Tuanze na namba mbili. Ripoti ya ONU inayoitwa Mapping, ile iliyotoka tarehe 1 Oktoba 2010 na kuandika visa 617 vya unyama uliofanyika katika inchi yetu kuanzia 1993 mpaka 2003, inasema kwamba vita ya Juni 2000 hapa Kisangani iliua raia kati ya 244 na 760. Sikilizeni tena: kati ya 244 na 760. Toa moja kwa ingine, inabaki 516. Watu 516 ambao ripoti ya heshima kabisa, iliyoandikwa na watu waliofanya kazi kwa moyo, haiwezi kusema kama walikufa ao hawakufa.

Kila mmoja wa hao 516 alikuwa na jina. Alikuwa na parsele, ao alipanga kwa mtu. Alikuwa na deni kwa mwenye duka la kona, na mtoto aliyemungoja arudi na bidoni ya maji. Hapa mjini kuna familia zinazojua sawasawa mutu wao alianguka wapi, saa ngapi, alikuwa amevaa shati gani. Wanajua. Lakini haikuandikwa, na kisichoandikwa, kortini kinaitwa "kati ya".

Na kwa nyumba ni vilevile. Ripoti moja inasema nyumba zaidi ya 400 ziliharibiwa. Ingine inasema zaidi ya 4000. Tofauti ni sifuri moja tu! Lakini ndani ya hiyo sifuri kuna makomini mazima yanayoweza kupotea.

Kwa wadogo wetu ambao kelasini hawakufundishwa hii historia, tupite haraka. Vita ilianza tarehe 2 Agosti 1998. Majeshi ya Rwanda na ya Uganda yaliingia pamoja na waasi wa RCD, na mwezi uleule Kisangani ilianguka. Chukueni karta muangalie: kutoka mpaka wa Uganda mpaka hapa ni kilometa mia tano hivi, na nyingi ni pori. Majeshi yale yalisema yamekuja kulinda mipaka yao. Mpaka gani unaolindwa kwenye bandari ya mto Kongo, mahali mashua zinazopanda kutoka Kinshasa zinaishia juu ya maporomoko? Walikuja kwa sababu mji huu ni mlango. Ndege zinatua Bangboka na Simisimi, mto unashuka mpaka Kinshasa, na almasi ya pori zima inaletwa kuuzwa hapa mjini, kwenye makontwari. Wataalamu wa ONU waliotumwa kuchunguza uporaji waliyaandika hayo katika ripoti yao ya Aprili 2001: almasi, dhahabu, koltani, mbao, kahawa. Hatusemi sisi, wamesema wao.

Mwanzo walikuwa marafiki. Mei 1999 RCD ikapasuka: profesa Wamba dia Wamba akabaki hapa Kisangani chini ya ulinzi wa Uganda, na Emile Ilunga akashika ile ya Goma pamoja na Rwanda. Mji mmoja, majeshi mawili ya kigeni, waasi wa pande mbili, kila upande ukisema ndio unaotawala. Hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba kuuliza watu wa Kisangani wanamtaka nani. Mapatano ya Lusaka, ambayo viongozi wa inchi walitia saini tarehe 10 Julai 1999, yalikuwa bado na wino mubichi wakati majeshi hayo mawili yalipigana mara ya kwanza mjini, Agosti mwaka uleule. Wamba akahamia Bunia. Tarehe 5 Mei 2000 wakapigana mara ya pili, siku zilezile wajumbe wa Baraza la Usalama la ONU walikuwa Kongo kuongea mambo ya amani. Wakaahidi kutoa askari mjini. Waangalizi wa MONUC walikuwa hapahapa wakiangalia mpango huo. Kisha tarehe 5 Juni ikafika.

Waganda walikuwa kaskazini, ngambo ya mto Tshopo. Wanyarwanda walikuwa mjini. Daraja la Tshopo katikati, na sisi chini ya njia ya mabombe. Hesabu inayosemwa sana ni mabombe zaidi ya 6000 kwa siku sita. Ujumbe wa ONU uliokuja kuhesabu hasara mwaka uleule uliandika raia zaidi ya 760 waliokufa, majeruhi 1700 hivi, shule 69 zilizopigwa, watu 65000 waliokimbilia pori. Umeme ulikatika, maji ya bomba yakakatika. Katedrali Notre-Dame ilipigwa. Hospitali zilipigwa. Wamama wetu wanasimulia kwamba kitu kibaya kuliko mabombe kilikuwa kiu: unalala chini ya kitanda na watoto siku ya tatu, bidoni imekauka, mto unausikia kabisa, na kwenda mtoni ni kufa. Waliokufa walizikwa pale walipoanguka, ndani ya parsele, nyuma ya jiko, kwa jembe la jirani. Nani angeenda komini kuandikisha kifo wakati komini yenyewe imefungwa na karani naye amekimbilia pori?

Hapo ndipo 516 walipotelea. Bombe liliwaua mara moja. Kukosa daftari kukawaua mara ya pili.

Tarehe 16 Juni 2000, siku sita tena kisha mabombe kunyamaza, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1304. Lilidai Uganda na Rwanda watoe askari wao Kisangani, na likasema wanapashwa kulipa fidia ya watu waliokufa na mali iliyoharibika. Tulipoisoma mara ya kwanza tulifikiri: basi, yameisha. Imeandikwa New York, imepigwa muhuri. Lakini kutoka siku ile mpaka dola ya kwanza kutoka kwa Uganda ilipita miaka 22. Na kutoka kwa Rwanda, mpaka leo hii, hata franga moja.

Majeshi yalitoka nje ya mji, lakini RCD-Goma ilibaki ikitawala. Wale wa Mangobo wanajua tarehe 14 Mei 2002. Askari waliasi, wakashika redio, wakaita watu wafukuze "Wanyarwanda". Kuna watu waliouawa siku ile juu ya sura yao tu. Kisha RCD-Goma ikarudi na nguvu, ikaua Mangobo, ikaua kwenye daraja la Tshopo na kutupa maiti mtoni. Tunayataja yote mawili makusudi. Tunaposema tuandike wafu, tunasema wafu wote, hata wale waliouawa na watu wetu wenyewe mbele ya macho ya jirani. Jeshi la Rwanda ni jeshi la serikali moja. Jirani yako mwenye pua ndefu si jeshi. Anayekuja katika mazungumzo yetu na maneno ya kuchukia kabila fulani, mlango ni ule pale.

Sasa tufike kortini, maana hapa ndipo kuna kitu tunachotaka mushike vizuri.

Kongo ilipeleka mashtaka kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule La Haye, tarehe 23 Juni 1999: juu ya Uganda, juu ya Rwanda, na juu ya Burundi. Mashtaka ya Burundi na ya Rwanda yakaondolewa mwaka 2001. Ya Rwanda yakarudishwa 2002, na tarehe 3 Februari 2006 majaji wakasema hawana uwezo wa kuyahukumu. Hawakusema Rwanda haina kosa. Walisema Rwanda haikukubali korti hiyo imuhukumu kwa mambo hayo, basi faili ikafungwa. Kwa hiyo kati ya mabombe yale, nusu moja ina hukumu na nusu ingine haina. Bombe liliingia kwa paa bila kuonyesha paspoti, lakini familia ndiyo inayoulizwa lilitoka upande gani.

Juu ya Uganda, hukumu ilitoka tarehe 19 Desemba 2005. Majaji walisema wazi kwamba Uganda ilivunja sheria kwa kuingiza jeshi, kwamba askari wake waliua, walitesa, waliharibu, hawakutofautisha raia na askari, na kwamba Uganda inapashwa kulipa. (Tuwe wakweli: hukumu ileile iliona kosa la Kongo pia, juu ya ubalozi wa Uganda uliovamiwa Kinshasa. Karatasi haina ndugu.)

Lakini kuna neno moja ndani ya hukumu ile ambalo watu wa Kisangani wachache wanalijua. Mahakama ilisema kwamba Uganda ilikuwa "mamlaka inayokalia inchi ya wengine" katika Ituri. Ituri peke yake. Sehemu zingine, na Kisangani ndani yake, mahakama ilisema haikuletewa ushahidi wa kutosha wa kusema hivyo. Mutu aliyeishi hapa 1999 akisikia hayo atacheka ao atalia. Askari wa kigeni barabarani, askari wa kigeni kwenye kiwanja cha ndege, na unaambiwa ushahidi hautoshi!

Na Ituri ilipata neno hilo ginsi gani? Kwa vitu vichache, na mkubwa kati yao ni barua. Jenerali James Kazini, komanda wa majeshi ya Uganda katika Kongo, aliunda jimbo jipya la Kibali-Ituri Juni 1999, na tarehe 18 ya mwezi ule akaandika barua ya kumuweka Adèle Lotsove kuwa gavana wa muda. Barua ile ilifika La Haye. Mvamizi mwenyewe alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba yeye ndiye anayetawala. Majaji hawakuhitaji zaidi kuambiwa nani alikuwa mkubwa Ituri.

Munaona uzito wa karatasi moja? Mwaka 2022, wakati wa kupima fidia, neno lile lilibadilisha mambo. Kwa hasara za Ituri, ilikuwa juu ya Uganda kuonyesha kwamba hasara fulani haikutoka kwake. Kwa hasara za Kisangani, ilikuwa juu ya Kongo kuonyesha kila kitu. Yaani mama wa Bunia na mama wa Mangobo walilia machozi yaleyale, lakini sheria ilimuamini mmoja haraka kuliko mwingine, juu ya barua ya jenerali.

Tarehe 9 Februari 2022 hesabu ikatoka. Kongo ilikuwa imeomba dola zaidi ya miliari 11. Mahakama ilitoa milioni 325: milioni 225 juu ya watu, milioni 40 juu ya mali, milioni 60 juu ya utajiri wa asili. Hata tatu kwa mia haifiki. Wengi wakasema: ni ubaguzi, ni wazungu, ni siasa. Sisi tulisoma sababu. Kongo ilidai raia 180000 waliokufa. Majaji wakauliza: majina yako wapi? Hati za kifo ziko wapi? Nani aliona, lini, wapi? Leta yetu ilikuwa imepeleka fishe za wahanga, lakini nyingi zilikuwa hazina kitu cha kuzishikilia: hakuna hati, hakuna shahidi, hakuna tarehe inayokubaliana na ingine. Mwisho majaji wakakadiria kwamba vifo ambavyo Uganda inapashwa kulipa viko kati ya 10000 na 15000. Kati ya, tena.

Hatusemi majaji walifanya vizuri kila mahali. Kuomba hati ya kifo kwa mutu aliyezika mtoto nyuma ya jiko ni ukatili, na wao wenyewe walikubali kwamba vita inaharibu karatasi, ndiyo maana walikadiria badala ya kukataa yote. Lakini Leta ilikuwa na muda. Kati ya hukumu ya 2005 na ile ya 2022 ni miaka 16. Miaka 16 ya kupita aveni kwa aveni, na wazee walikuwa bado hai. Karani mmoja kwa kila kartye angetosha. Na namba ile ya 760 ambayo sisi tunaitaja kila Juni kwa hasira, haikuandikwa na ofisi ya mji wetu. Iliandikwa na wageni wa ONU waliokaa muda mfupi tu. Bila wao pengine tungekuwa na 244 peke yake.

Tunajua munachofikiria: franga za Uganda ziko wapi? Uganda ilianza kulipa mwaka 2022, dola milioni 65 kwa mwaka kwa miaka mitano, na mfuko wa kugawanya, FRIVAO, una makao hapa Kisangani. Wamoja wamepata. Wengi wanapanga mustari na fishe mkononi, wanaambiwa warudi, wanarudi, wanaambiwa jina halimo. Tumedai na tutaendelea kudai hesabu ya mfuko huo itangazwe mbele ya watu, nani amelipwa, kiasi gani, kwa orodha gani. Hiyo ni vita yetu ingine na ina siku yake. Leo tunaonyesha kitu kimoja tu: hata ofisi ikiwa safi kama maji ya mvua, mutu asiye na karatasi atarudishwa. Na mwenye karatasi ya uongo atapita mbele yake. Pale penye majina ya kweli yaliyoandikwa mapema, mbele ya mashahidi, mwizi anapata shida. Pale pasipo majina, kila mutu anaweza kuzaa wahanga wake nyumbani.

Wenzetu wa Goma na Bukavu, sasa tunaongea na nyinyi.

Goma ilianguka mwisho wa Januari mwaka huu. Bukavu ikafuata Februari. Benki zimefungwa, kiwanja cha ndege kimefungwa, na Februari waliweka gavana wao. Kigali inakana kuwa na askari pale. Wataalamu wa ONU wameandika kinyume, na tarehe 21 Februari Baraza la Usalama, kwa azimio 2773, liliambia jeshi la Rwanda liache kusaidia M23 na litoke Kongo. Ukiweka 1304 na 2773 pembeni, ni kama mama na mtoto. Tunayajua maazimio. Mji huu umeyangoja miaka 25.

Wengine kati yenu mulituambia jana usiku: sasa tufanye nini, sisi tuliokimbia, na wale waliobaki? Jibu letu si la kishujaa. Muandike.

Na tunajua ni hatari. Kule kukamatwa na daftari la majina ni kutafuta kifo, na hatutamutuma mutu yeyote afe juu ya orodha. Kwa hiyo aliye ndani asibebe majina kwenye simu, asiyatume kwenye grupu ya WhatsApp ya watu 200 ambamo hajui nani anasoma. Ashike kichwani machache tu: jina, siku, mahali, nani mwingine aliona. Nyinyi muliotoka ndio mukono wake. Akifika mutu hapa, Kisangani, ao Kampala, ao Bujumbura, akae chini na mmoja wenu wiki ileile, kabla kumbukumbu haijachanganyika na maneno ya redio. Muandike kile alichokiona yeye mwenyewe kando, na kile alichosikia kando. Tarehe kamili, na kama haikumbuki, muandike "siku mbili kisha soko kufungwa", msibuni. Jina la baba na la mama, maana akina Amani na akina Furaha ni wengi. Kopi tatu, nyumba tatu.

Kisha kuna karatasi za mvamizi mwenyewe. Hapa tunarudi kwa barua ya Kazini. Kila utawala wa silaha unapenda mihuri, ni ugonjwa wao. Risiti ya kodi, kijikaratasi cha barierі, ruhusa ya kusafiri, barua ya kumuweka shefu mpya wa kartye, tangazo lililobandikwa sokoni: mama anayechuuza akipewa risiti anaitupa kwa hasira, na ana haki ya kukasirika, lakini ile risiti ndiyo itakayosema siku moja nani alikuwa anatawala soko, kwa jina la nani, kwa bei gani. Mukumbuke Ituri iliaminiwa haraka kwa sababu jenerali alipenda kuandika. Wale wa Goma wanapenda kuandika vilevile.

Ziko daftari ambazo hatukuzianzisha sisi: la parokia linaloandika mazishi, la hospitali, la vijana wa Msalaba Mwekundu wanaookota maiti, la mwalimu wa kelasi ya nne anayeandika nani hakuja tena baada ya Januari. Muwaombe kwa heshima wazilinde, wasiziache juu ya meza. Kwa padri unaenda na kofia mkononi, unamueleza, unamwacha aamue.

Ndugu mmoja wakati wa maandalizi alituuliza: daftari litafufua nani? Hakuna. Na tena: Rwanda haiwezi kupelekwa La Haye, basi tunaandikia korti gani? Swali la pili ni gumu, na tulijibu tunavyojua. Februari mwaka huu kesi ya Kongo juu ya Rwanda ilisikilizwa Arusha, mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu. Kesi ile ipo kwa sababu mlango wa La Haye ulifungwa 2006 na watu hawakuacha kutafuta mlango mwingine. Hatujui utafunguka kiasi gani. Lakini tunajua jaji yeyote, wa Arusha, wa La Haye, ao wa Kongo yenyewe siku moja, ataanza na maneno yaleyale: majina yako wapi?

Na kwa Kisangani, kazi haijapita. Waliokuwa na miaka 30 mwaka 2000 leo wana 55. Waliokuwa na 50 tunawazika kila mwezi, na kila mmoja anashuka na majina yake. Jumamosi hii tunaanza aveni kwa aveni: wawiliwawili, msichana na mvulana, kwa sababu kuna mambo mama hatamwambia mvulana. Usiingie na simu imewashwa kurekodi bila kuuliza. Usiahidi franga, hata dola moja. Akikuuliza kama wewe ni wa FRIVAO, sema hapana kabla hujakaa. Ukipewa maji, kunywa. Akilia, funga daftari, ngoja. Akikuonyesha mahali alipozika nyuma ya jiko, usipige picha mpaka akubali, na uandike parsele namba ngapi, kwa sababu nyumba nyingi zimeuzwa na wenye nyumba wapya hawajui wanakanyaga nini.

Daftari ziko kwenye meza ya pale nyuma, pamoja na kalamu. Wa Mangobo na wa Tshopo muanze upande wa dirisha, muandikishe majina yenu na aveni munazozijua. Wa Lubunga mungoje kidogo, tunatafuta ginsi ya kulipa pirogi.